Nyota Iliyokula Kuku Wetu

Juma lililopita trekta ya miwa ilipita karibu na kibanda changu cha ushonaji hapa Amalemba, na miwa yenyewe ilikuwa imeungua. Wewe uliyekulia upande wa Mumias unaijua harufu hiyo bila kuambiwa. Nusu ni sukari iliyoshika chini ya sufuria, nusu ni moshi wa majani, na kwa mbali kuna kitu kama nywele zilizosogea karibu mno na koroboi. Nilikuwa naipunguza suruali ya mteja urefu. Nikaachilia cherehani. Kwa dakika nzima sikuwa Amalemba. Nilikuwa Musanda, miguu mitupu juu ya kichuguu, debe mkononi, umri miaka tisa, na dunia nzima inanicheka.

Nasema dunia nzima na sipunguzi kitu. Kama kuna mtu wa Musanda siku zile ambaye hakunicheka, basi alikuwa hajazaliwa au alikuwa amelazwa hospitalini, na huyo wa hospitalini nasikia alipelekewa habari pamoja na uji.

Baba alikuwa na mashamba mawili ya miwa, la juu na la chini. Ng'ambo ya njia ya miguu, kwenye mwinuko, ilianza miwa ya jirani yetu Mzee Osundwa. Tulikuwa tukiichoma kabla ya kukata, ili majani yale yenye makali yaishe na nyoka watafute makao mengine. Moto uliwashwa jua likizama, upepo ukiwa umelala. Na moto wa miwa haukai. Unanguruma kama lori linalopanda mlima, unameza shamba kwa muda wa kuchemsha chai, kisha unakuachia weusi mtupu na makaa madogo madogo yanayokukonyeza. Hayo makaa ndiyo hatari. Moja likivuka njia, unaamka asubuhi umechoma jasho la mwenzako la mwaka mzima na zaidi.

Kwa hiyo kila shamba lilipochomwa, mtu mmoja alipanda kichuguu na debe tupu la mafuta ya kupikia akayalinda makaa mpaka la mwisho lizime. Akiona moja limevuka, anapiga debe. Na sheria ilijulikana hata na mbwa: debe likilia, kila mwanamume anayesikia anakuja na maji na matawi mabichi, na mwenye debe anawachinjia kuku. Huwezi kumtoa mtu kwenye obusuma, ugali wake wa moto, halafu umrudishe nyumbani na mate makavu.

Mlinzi wetu alikuwa kaka yangu Makokha. Msimu ule kisiki cha muwa kilikuwa kimemtoboa mguu, ukavimba kama kiazi kitamu. Baba akazungusha macho uani, akaona wasichana tu.

"Huyu ana macho," Mama akasema, akininyooshea kidole. Mama alikuwa mshonaji, macho yake yalikuwa yameanza kuchoka mapema, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtungia uzi kwenye sindano jioni, hata taa haijawashwa.

"Msichana, kwenye kichuguu?"

"Kichuguu kinauliza?"

Nikapewa debe.

Jioni ile nilikipanda kile kichuguu kana kwamba nakwenda kuapishwa. Baba akawasha shamba la juu. Likanguruma, likawaka, likaisha. Masizi marefu kama utepe yakatunyeshea. Wanaume wakasubiri kidogo, wakaona kumetulia, wakaenda kula. Nikabaki na weusi wangu, nikaanza kuhesabu. Nilijua tabia ya kila kaa. Linaanza na hasira, jeupe kwa moto, linakuwa manjano, linakuwa rangi ya chungwa, linakuwa damu, halafu halipo. La karibu na mfereji likaenda. Mawili ya kwenye kona yakafuatana kama mapacha. Nikasema moyoni, kazi imeisha, Makokha atafute kazi nyingine.

Ndipo nikaona jingine. Lilikuwa ng'ambo ya njia, juu kabisa ya mwinuko, katikati ya mashada ya miwa ya Mzee Osundwa. Lilikuwa dogo na hafifu, hafifu kiasi kwamba ukilikodolea macho lilikuwa kama linaona haya. Rangi yake ilikuwa ya chungwa, ile ile ya kaa linaloaga. Nikalisubiri liage. Halikuaga. Nikahesabu hadi mia. Nikahesabu mia nyingine kwa Kiingereza, ili niwe na uhakika. Liko pale pale.

Nikapiga debe.

Nilipiga hadi nyani wa msitu wa Kakamega, mwendo wa siku nzima kwa miguu, wakaulizana kuna nini. Wanaume wakaja mbio, wengine midomo bado imejaa. Walikuwa ishirini hivi, lakini mimi kila nikisimulia husema mia, na leo sioni sababu ya kubadilisha. Mzee Osundwa mwenyewe akatoka nyumbani kwake amejifunga shuka la maua la mkewe.

"Moto uko wapi?"

"Pale! Kwenye mashada!"

Wakaingia kwenye miwa. Wakaichapa kwa matawi, wakamwaga maji, wakaitana huku na huku gizani. Kisha sauti moja ikasema, polepole, "Jamaa, mbona nikilikaribia haliongezeki?"

Wote wakasimama. Nami kutoka kwenye kichuguu nikaona kilichotokea, na hadi leo sijapata kuona kitu chenye dharau kama kile. Kaa langu liliachana na shada la muwa na kupanda angani, bila haraka yoyote, kama mtu aliyekuwa ameinama kufunga kamba za viatu.

Kicheko kilianzia kwa Osundwa, kikateremka mlima, kikavuka njia, kikafika uani kwetu kabla ya watu. "Mtoto ameita faya waje kuzima nyota!" Na sheria ni sheria. Debe lilikuwa limelia. Mama akamkamata kuku wake wa madoadoa, yule aliyetaga kila siku mpaka Jumapili, akamchinja. Wakala wakicheka. Imondo, yaani firigisi, haikwenda popote tu kwetu. Ilikuwa ya mwanamume mkubwa aliyepo. Mwanamke haionji. Mama alikuwa amepika imondo labda elfu moja na hakujua ladha ya hata moja. Usiku ule ilikwenda kwa Mzee Osundwa. Akainyanyua kuelekea juu.

"Nyota, asante sana. Hata kesho ukisikia njaa, teremka."

Wageni walipoondoka Baba aliniita. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Sema ulisinzia," akaniambia. "Ulisinzia, ukaota, ukaamka ukapiga. Usingizi ni kitu cha binadamu. Ukikubali, yameisha, na tukichoma shamba la chini wiki tatu zijazo nitakurudisha kwenye kichuguu. Lakini mtu anayeniambia nyota ni kaa, huyo hana macho. Siwezi kumwachia moto."

"Sikusinzia, Baba."

"Sasa uliona nini?"

"Niliona kitu cha rangi ya kaa. Bado kiko. Twende nikuonyeshe."

"Nyota ni nyeupe, mama. Tangu Mungu aziweke ni nyeupe."

"Labda yake imeiva," Makokha akasema kutoka mkekani, mguu wake umeinuliwa juu ya mto.

Neno lilikuwa moja tu. Nilisinzia. Nilitafune, nilimeze, nipate kichuguu changu. Na nilikitaka, wacha nikwambie. Hakuna mahali pengine Musanda ambapo msichana wa miaka tisa alisimama juu ya wanaume na neno lake likawafanya wakimbie. Nililigeuza lile neno mdomoni, nikaliona lina majivu.

"Sikusinzia," nikasema.

Baba akachukua debe akampa Makokha.

Nikawa Faya ya Mbinguni. Shuleni, kisimani, mpaka kanisani wakati wa kupeana mikono. "Faya, jua nalo linawaka, mbona hulizimi?" Siku za kwanza nililia. Baadaye nilichoka kulia, nikaanza kuitika. "Naam, ni mimi. Unaungua wapi?" Ukiwaitikia mara tatu hivi, wanaanza kutafuta jina la mtu mwingine.

Lakini kuna jambo sikumwambia mtu. Akilini mwangu nilikuwa nimelitatua suala lote. Lile lilikuwa kaa kweli, kaa la shamba letu, ambalo lilipaa kupita kiasi hadi mbingu ikalidaka. Na kwa kuwa ni kaa, siku moja lingechoka kukaa huko, lianguke, lichome Musanda yote. Watu walikuwa wanacheka kwa sababu walikuwa hawajui wamelala chini ya nini. Ikabidi mimi nililinde, debe niwe nalo nisiwe nalo.

Kwa hiyo kila jioni nilipanda kichuguu mikono mitupu. Na ukilinda kitu kila jioni, utakijua hata kama hukutaka. Niligundua kwamba kaa langu halikujali upepo. Makaa ya kweli yakipulizwa yanafura, upepo ukitulia yananywea. Lile lilibaki na rangi yake mvua inyeshe isinyeshe. Siku ya hewa safi kabisa, hakuna moshi hata wa jikoni, lilikuwa bado la chungwa. Nyota za jirani zake zilikuwa nyeupe kweli, Baba hakudanganya kwa hizo. Tena niligundua lina haraka. Kila jioni lilifika mapema kidogo kuliko jana. Siku ya kwanza, wakati wa wanaume kula, lilikuwa kwenye mashada. Wiki moja baadaye, wakati huo huo, lilikuwa limeyaacha mashada mbali. Wiki iliyofuata lilikuwa limefika usawa wa ncha ya mkaratusi wa Osundwa.

Jioni moja Mama alinifuata. Alipanda kichuguu kwa shida, akanishika bega, akakunja macho.

"Liko wapi?"

"Pale, Mama. Kushoto kwa mkaratusi."

Akatazama kwa muda mrefu sana. Nikajua haoni. Alikuwa haoni hata tundu la sindano, ataona vipi kitu hafifu namna ile?

"Mimi sioni kitu, mama," akasema. "Lakini kama wewe unaliona, basi liko." Akashuka akaenda kusonga obusuma.

Miaka ilipita mingi sana kabla sijapata mtu wa pili wa kunisikiliza. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa bibi wa wajukuu wawili, baada ya miaka ya masomo ya jioni, mchana nashona sare za watoto na usiku nasoma kile ambacho watoto hao wanakisoma mchana. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa mara mbili. Siku alipofundisha nyota nilimpeleka nje ya darasa, nikamweleza msimu, upande, saa na mkaratusi. Akatoa simu, akaielekeza juu, akatafuta, akapekua.

"Inawezekana ni hii, Mama," akasema. "Haina hata jina, ina namba tu, ndefu kama ya kitambulisho. Ni jitu. Jitu la rangi ya chungwa."

"Siyo inawezekana. Ni hiyo."

"Lakini nyota hafifu, jicho la kawaida huwa halioni rangi yake vizuri. Na ile ikiwa karibu na upeo, tena kuna moshi wa miwa…"

"Mwalimu, wewe macho yako ni ya simu. Mimi yangu yalikuwa ya sindano. Endelea."

Akacheka, akaendelea. Akaniambia ni ya chungwa kwa sababu uso wake umepoa kuliko uso wa Jua letu; chenye joto kali zaidi ni cheupe, kinachopungua joto kinaelekea wekundu. Nikamwambia hiyo nilifundishwa na makaa nikiwa na miaka tisa. Akaniambia ni kubwa kiasi kwamba ungepanga majua kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama viazi kwenye gunia. Inatoa mwanga kulishinda Jua kwa mbali, na ikionekana hafifu kosa si lake, ni umbali tu. Mwanga nilioupigia debe uliondoka kule kabla bibi ya bibi yangu hajazaliwa. Na akaniambia ilivyokuwa jitu: ilimaliza kuni za moyoni. Ikaanza kuchoma zile za kuuzunguka moyo, na badala ya kunyauka, ikavimba.

Nilimwambia arudie hapo. Imeishiwa kuni katikati, ikachoma za pembeni, ikawa kubwa kuliko ilipokuwa kijana. Nikatazama daftari langu na miwani yangu, nikasema, haya, hiyo tunafahamiana.

Lakini turudi Musanda, maana shamba la chini lilikuwa bado halijachomwa.

Wiki tatu zikatimia. Makokha akapanda kichuguu na debe, mguu umepona, kifua mbele. Mimi na Mama tukapewa kazi ya kujaza mitungi. Baba akawasha, moto ukala, wanaume wakaenda kula. Nilikuwa nimeshika kata ya maji nilipoinua macho, nikaona, juu kabisa ya mwinuko, kwenye mashada ya Mzee Osundwa, mahali pale pale, nukta ya rangi ya chungwa.

"Makokha! Piga!"

Akatazama. Akacheka hadi akakaa chini. "Faya, nyota yako imerudi kutafuta kuku."

"Hiyo si nyota yangu. Nyota yangu ile pale, imepita mkaratusi. Saa hizi haiwezi kuwa kwenye mashada. Piga!"

"Baba alisema huna macho."

Upepo ukapita. Ile nukta ikafura, ikanywea. Nyota haifanyi hivyo. Sikubishana tena. Nilipanda kichuguu, nikamng'oa kaka yangu kutoka kwenye debe kama unavyong'oa magugu, nikapiga. Nikapiga hadi likapinda. Nikasubiri miguu ya watu.

Hakuna miguu. Kutoka boma moja mtu akapaza sauti, "Lala, Faya!" Kutoka jingine, "Kwanza tuambie, kuku ni wa rangi gani leo?" Na kicheko kikaruka kutoka boma hadi boma juu ya lile giza.

Nilimwona Mama akijifunga leso kiunoni. Akatwika mtungi, akachukua tawi, akaanza kupanda mlima. Yeye, ambaye haoni tundu la sindano, alikuwa akielekea asikokuona, kwa neno langu tu.

"Wewe unaenda wapi?" Baba akauliza.

"Mtoto amepiga debe," Mama akasema bila kugeuka. "Ama sheria ni ya wanaume wakiwa na njaa tu?"

Nikamkimbilia. Nyuma yangu nikasikia viatu vya Baba, halafu vya Makokha. Tulipofika moto ulikuwa na ukubwa wa mkeka na umeanza kupanda miwa mitatu. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwaga maji. Tuliupiga sisi wanne kwa matawi hadi mikono ikawa si yetu. Mzee Osundwa alipotoka na lile shuka la maua, alikuta moshi, familia moja nyeusi kama sufuria, na shamba lake zima limesimama.

Hakucheka. Alitazama ule mkeka mweusi, akaitazama miwa yake hadi mwisho wa mwinuko, akarudi nyumbani. Baadaye kidogo akaja uani kwetu na jogoo mkubwa kwapani, na nyuma yake wale waliokuwa wakiniambia nilale, sasa wanakohoa kwa adabu.

Jogoo akapikwa. Imondo ikaja kwenye sahani ya Mzee Osundwa. Akaisukuma kwa Baba. Baba akainuka, akavuka uani mpaka tulipokaa sisi wa jikoni, akaniwekea mkononi.

"Msichana hali imondo," mtu mmoja akanong'ona.

"Aliyeona ndiye anayekula," Baba akasema.

Nikasimama, ili wa nyuma pia wanione.

"Na nyota ni ya chungwa," nikasema.

"Kula, mtoto," Mzee Osundwa akasema, macho chini.

Nikaikata katikati kwa meno. Ilikuwa ngumu kama mpira wa kandambili. Nusu nikaiweka mdomoni. Nusu ya pili nikampa Mama, mbele ya wote. Aliangalia kule walikokaa wanaume, akaniangalia mimi, akaitia kinywani. Akatafuna taratibu, akameza, akajipangusa midomo na ncha ya leso.

"Kumbe," Mama akasema, kwa sauti ya kutosha kufika kwenye mwinuko, "ni hii tu?"